Jeki Isiyolazwa

Mwanangu Egesa,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kuaga wenzako, umeshiba samaki, na umevaa lile shati nililokuambia ulitunze kwa safari. Kwa hivyo salamu niziruke, nikuambie kilichonikalisha kwenye benchi ya wateja wetu wa panchari na karatasi juu ya tairi kuukuu. Nimeitoa jeki kwenye gunia lako.

Usikimbilie gunia. Soma kwanza. Mahali pa jeki nimeweka zile stendi mbili za kushikilia lori lililoinuliwa, ulizoziacha nyuma ya mlango ukidhani sijaziona. Mimi nimeishi na madereva wa malori miaka yote hii hapa Malaba, mtu hawezi kunifichia kitu nyuma ya mlango.

Najua ulichoambiwa na yule boss wa Maai Mahiu. Ulikuwa umeweka simu sauti ya juu, nadhani ili nisikie kwamba siku hizi wewe ni mtu wa kutafutwa. Nilisikia. "Mahali iko, kompresa iko, wewe kuja tu na jeki yako ya upepo." Basi najua kwamba kuitoa jeki kwenye gunia ni kama kuutoa mlango kwenye nyumba uliyokwisha jenga kichwani. Ukifika mikono mitupu, anaweza kumpa mwingine ile nafasi kabla hujapata pa kuketi. Nimelipima hilo jioni nzima, na bado gunia lako halina jeki.

Hayo mengine ya safari sitayagusa. Kula utakula, hujawahi kunisahaulisha hilo. Kanisa utaliona, na wasichana wa Maai Mahiu wana mama zao wa kuwaonya juu yako. Mimi nina jambo la jeki tu, nalo linaanza na neno moja, kulaza.

Unakumbuka nilipokwenda Funyula kwenye matanga ya shangazi yako. Nilikuacha na lile lori la sukari, ukabadilisha tairi mbili za nyuma peke yako, kazi safi. Nikakupigia simu nikiwa kule, watu wanaimba, nimeziba sikio moja.

"Umelaza jeki?"

"Nimelaza, Mama."

Nikarudi kwenye maombolezo moyo umetulia. Sasa sikiliza vile sisi wawili tulivyosema ukweli na bado tukadanganyana. Kwangu mimi kulaza jeki ni kufungua kile kifunguo cha kuteremshia, kuikandamiza shafti, ule mguu wake unaopanda, mpaka wote uingie tumboni, kuchomoa paipu ya upepo, kufunika mdomo wake, kuipangusa, halafu kuiweka wima juu ya ubao, mahali pakavu. Ni vile unavyomlaza mtoto, unamfunika na kumwekea kichwa vizuri, humwangushi tu sakafuni. Kwako wewe, na kwa hawa madereva wa ng'ambo waliokulea nusu, kulaza ni kulaza tu. Kitu kilichokuwa kimesimama sasa kiko ubavuni. Uliiteremsha kidogo, kiasi cha kuichomoa chini ya lori, ukaiangusha nyuma ya kompresa, shingo nje kama kobe. Na pale nyuma ya kompresa ndipo bati letu linapovuja.

Mvua ya Malaba unaijua. Ilinyesha muda wote niliokuwa Funyula.

Niliporudi niliikuta. Oili ilikuwa imetoka kidogo, imetengeneza ramani ya Afrika kwenye vumbi. Shafti, iliyokuwa ikimeta kama kijiko cha harusi, ilikuwa na madoadoa ya kahawia kama ndizi iliyopitiliza. Sikukugombeza. Siku hiyo ulikuwa umepata ile simu ya Maai Mahiu, unapiga mluzi ukichota maji, na mimi nilikuwa nimetoka kuzika. Mtu aliyetoka kuzika huwa hana nguvu ya kugombana na anayepiga mluzi. Nikafanya nilivyozoea. Nikafungua kifunguo, nikaikandamiza shafti ndani, nikaisimamisha, nikajiona nimerekebisha mambo. Kumbe kutu haikungoja nje. Niliisukuma mwenyewe ikaingia ndani pamoja na shafti. Ilifaa niipanguse kwanza, niisugue taratibu kwa kitambaa chenye oili mpaka iwe laini. Basi ukitaka kugawanya lawama, tumia kisu chepesi, sote tutapata kipande.

Leo mchana ulipokwenda kwa kinyozi nikasema niipime kabla hujaondoka. Nilikuwa na Papa Etyang, mwenzangu wa kazi tangu zamani, na huyo hahitaji utambulisho kwako, kwani ulipokuwa mdogo uliamini kwamba ile baiskeli aliyotoka nayo Adungosi kila asubuhi ndiyo iliyomzaa. Tuliipeleka chini ya ile trela iliyotelekezwa hapa. Tukaweka mawe kwenye tairi, mbele na nyuma. Tukaweka ubao chini ya jeki, tukaunganisha upepo, trela ikapanda. Stendi zote mbili tukazisukuma chini ya ekseli, tukaacha nafasi ya kupitisha kidole kati ya chuma na chuma. Tukakaa kutazama.

"Mama Egesa, hii kitu inashuka."

"Labda ni trela inanenepa."

"Hii? Haijakula kitu tangu mwenyewe aitoroke."

Kwanza tuliisingizia oili. Tukaiteremsha kabisa, kwa sababu oili hupimwa shafti ikiwa ndani yote. Ukiijaza ikiwa juu, siku ya kushuka haina pa kwenda, inavunja mipira ya ndani inayoizuia, ikitafuta njia. Tukaongeza kidogo, ile ya jeki yenyewe. Tukaitoa upepo ulioingia kwenye oili: kifunguo wazi, upepo ukipita kidogo, ikikohoa mpaka ikatulia. Maana hii jeki, mwanangu, inaishi kwa vitu viwili ambavyo havitakiwi kuonana. Upepo upande huu unasukuma, oili upande ule inabeba. Ukiilaza ubavu, vinaonana. Inapanda ikitetemeka, na kila inachokuambia ni uongo.

Tukainua trela tena. Tukanywa chai. Etyang akanieleza habari za mihogo yake na nguruwe wa jirani. Tulipogeuka kutazama, trela ilikuwa imeketi juu ya stendi, na jeki bado imesimama pale chini yake, imeigusa tu, kama mtu aliyeacha kubeba jeneza lakini bado ameweka mkono.

"Kijana atabeba hii?" Etyang akauliza.

"Nimeitoa kwa gunia lake."

"Na stendi?"

"Hizi alikuwa amezificha nyuma ya mlango."

Nilidhani atacheka. Akasema, "Ni nzito. Hata mimi nilikuwa naziona nzito." Akautazama ule mguu wake, akaanza kukunja paipu ya upepo.

Kabla sijafika kwenye huo mguu, nikuambie jinsi nilivyoijua kazi hii, kwa sababu wewe unadhani nilizaliwa na spana. Nilikuwa nauza chai na mandazi kwa foleni ya malori. Baba yako alikuwa amevuka mpaka kwenda kununua vitunguu. Naona bado anachagua. Muuza chai huona kila kitu kwa sababu hakuna anayemwona. Nikaona kwamba watu wa panchari walikuwa wa aina mbili. Wale wa jeki ya mkono walitoka chini ya lori wameshika mgongo, wanaomba chai kwa sauti ya wagonjwa. Wale wa jeki ya upepo walitoka wakipiga mluzi, na waliomba mandazi juu. Nikaamua ni upande gani nataka kuuzia, halafu nikaamua ni upande gani nataka kukaa.

Jeki yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka mjini. Ilikuwa na kiu ya oili. Nikaona kwenye chupa ya oili ya breki pana neno haidroliki, na ubavuni mwa jeki pana neno haidroliki. Nikasema hawa ni ndugu, watapatana. Nikamimina. Mipira ya ndani ikavimba kama mandazi yangu mwenyewe. Ikakubali kupanda mara moja, chini ya lori la mayai kutoka Uganda, halafu ikakataa kushuka. Lori lilisimama mguu mmoja juu, kama mbwa kwenye mti, na mimi nafungua kifunguo, nafunga, nafungua. Mwenye mayai alikaa kwenye kivuli cha lori lake akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Nyabo, mama yangu, rudi kwa chai. Chai yako ilikuwa nzuri sana." Ilibidi tuombe jeki ya jirani ije ibebe mzigo ndipo yangu itolewe. Tangu siku hiyo oili ya jeki inakaa kwenye kopo lake, na hakuna ndugu yake anayekaribishwa.

Nikajifunza kufunika mdomo wa upepo baada ya nyigu kujenga mle ndani. Alijenga kwa udongo, kazi nzuri, na mimi nikaipigia upepo nikamsukuma fundi pamoja na nyumba yake mpaka kwenye mota. Baada ya hapo nikajiona mjanja, nikawa naziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi linamomonyoka. Kwa hivyo mota yangu imekula udongo, imekula mahindi, imebaki kula ugali. Kifuniko kile cheusi cha plastiki ambacho wewe unakichezea kwa meno ukiongea na simu, ndicho kilichomaliza hayo yote.

Na maji. Unakumbuka ulivyokuwa ukicheka kila asubuhi ninaposema kompresa ikojoe kwanza. Hewa ya hapa ina maji, tangi linayakusanya usiku, na usipolifungua chini likayamwaga, unayasukuma yote kwenye jeki. Halafu unashangaa inashika kutu ndani mahali jicho halifiki. Kule Maai Mahiu sijui maji, lakini nimesikia vumbi lake ni laini kama unga. Vumbi la hivyo likishika shafti yenye oili, kila ikipanda na kushuka inajipiga msasa. Matone machache ya oili nyepesi kwenye mdomo wa upepo kabla ya kufunga kazi, kitambaa kwenye shafti, basi. Haya nayasema nikijua unayajua. Ni vile mikono yangu imezoea kuyasema.

Sasa mguu.

Hapa kwetu kuna maneno mawili ambayo yameumiza watu kuliko pombe. Foleni imesonga. Mtu mgeni hawezi kuelewa. Malori yamesimama mpaka nyasi zinaanza kuota chini yao, dereva amepika, amefua, amezoeana na mbwa wa mahali pale. Halafu mtu mmoja huko mbele anapaza sauti, foleni imesonga, na watu wazima wanageuka kuku. Anayechelewa kuwasha injini, wa nyuma anamzunguka, na yeye analala tena hapo. Ni sisi tu wa huku tunaofanya kazi chini ya lori ambalo wakati wowote linaweza kuitwa.

Siku ya mguu wa Etyang mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Lori lilikuwa la dereva wa kutoka Mbale, lilikuwa linarudi nyumbani limebeba chumvi. Etyang alikuwa ametoa tairi la ndani, analirudisha. Stendi ziko, jeki iko, jeki mpya wakati huo, nzima kabisa. Ubao wa chini ya jeki haukuwapo kwa sababu tulikuwa tumeukalia wakati wa chai, ukabaki huko kwenye chai. Ndipo sauti ikatoka mbele.

"Nyabo, foleni imesonga! Shusha! Nitapitwa!"

"Ngoja afunge nati."

"Atafunga tukiwa mbele! Wananizunguka hao, angalia, angalia!"

Etyang akapiga stendi teke zikatoka, ya kwanza, ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika kifunguo cha kuteremshia. Sikukifungua, hilo nimelirudia kichwani mara nyingi, sikukifungua. Etyang alikuwa ameshatoka. Halafu akakumbuka spana. Akaona asijisumbue kuinama, akapeleka mguu chini aivute kwa kiatu. Jeki ikanywa tope, ikazama upande mmoja. Haikupasuka, haikupiga kelele. Iliinama tu, kama mtu anayesikiliza kitu, na chumvi yote ya Mbale ikaja chini.

Dereva akasema ni tope. Etyang alisema ni spana. Mimi nilikuwa naona ubao, ule wa chai. Hakuna kati yetu aliyesema ni foleni, kwa sababu foleni haina uso wa kumtazama. Na hiyo foleni, Egesa, ilikuwa imesonga urefu wa lori moja. Ikasimama pale pale hadi giza likaingia.

Nilipokwenda kumwona hospitali, mguu umefungwa mpaka gotini, nilikuwa nimejiandaa kulia. Akaniwahi. "Mama Egesa, umeona maajabu? Jeki ilikataa kulala, sasa mimi ndio nimelazwa." Muuguzi akacheka, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, na wakati huo nilimchukia kidogo kwa kunichekesha. Hadi leo akitembea ardhi inamwuma, ndiyo maana yuko juu ya baiskeli kutoka kucha hadi kuchwa. Watu husema Etyang anapenda baiskeli.

Hiyo ilikuwa jeki nzima, mwanangu. Hii niliyoitoa kwenye gunia lako inasinzia hata kwenye trela tupu.

Nikifikiria Maai Mahiu sifikirii tope. Nafikiria neno lao. Kila mahali penye kazi pana neno lake la kuwatoa watu akili, na mgeni ndiye hulisikia kwa masikio mapya. Huko pengine ni boss anakuja, pengine ni ukungu unashuka, sijui. Siku za kwanza lisikilize ulijue. Ukishalijua, kila ukilisikia angalia miguu yako iko wapi. Wewe si mwoga na si mjinga. Lakini wewe ni kijana anayependa kuitwa fundi, na fundi huitwa kwa sauti kubwa zaidi wakati mtu anataka avunje utaratibu. "Fundi wangu, ingia tu kidogo." Nimeingia kidogo mara nyingi kwa sababu ya hilo neno fundi. Niliponea, na kuponea si ujuzi.

Labda unawaza, mama ametafuta sababu ya kubaki na jeki yake. Niulize basi nitafanya nini nayo. Haiko kazini hata kwangu. Kesho nitarudi kwenye ile ya mkono, pampu pampu, nami nitatoka chini ya malori nimeshika mgongo na kuomba chai kwa sauti ya wagonjwa. Nilikuwa nimeshakubali hivyo tangu nilipokuahidi hii. Nilikuwa nimechoka tayari, nikasema huu uchovu wa mwisho ni wa Egesa, wacha niubebe. Sikukunyima kitu ninachokitumia. Nimemwagiza yule dereva anayepita Jinja aniulizie mpira mpya wa ndani ya jeki, na Etyang anamjua mtu wa kuichonga shafti upya. Ikipona itakuja na lori, wima, shafti ndani, imefungwa kwenye kona isianguke. Siku siwezi kukutajia, na boss wako huenda asingoje. Hilo ndilo linaloniumiza tangu jioni, na sina dawa yake.

Ukifika mwambie yaliyo kweli. Sema jeki yako iko kwa fundi. Fundi ni mimi, lakini hilo si lazima alijue. Sema una stendi zako, na uko tayari kufanya kazi kwa jeki yake mpaka yako ije. Akicheka kwamba kijana wa Malaba amekuja na miguu ya jeki bila jeki, mwache acheke, ukimtazama vizuri. Mtu anayecheka stendi, usiingie chini ya lori aliloliinua yeye. Ukirudi nyumbani kwa sababu hiyo, utakuta sufuria iko motoni na sitakuuliza lolote. Ukirudi kwa ile njia ya Etyang, pia nitakupokea. Lakini nimechoka kupokea watu kwa njia hiyo, Egesa, na safari hii nisingekuwa na mtu wa kunichekesha.

Nimefika mwisho wa karatasi, na bado kuna kitu nimekiacha nje ya maneno, kwa sababu najua wewe unaamini mkono wako kuliko mdomo wangu, na mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Baada ya chai tuliifungua jeki, Etyang na mimi. Tukautoa ule mpira unaozuia oili, sili yenyewe. Nimeupangusa nikaukunja kwenye kipande cha gazeti, uko ndani ya bahasha hii. Utoe. Utazame kwenye taa, halafu usiyaamini macho. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wake wa ndani, taratibu, uzungushe wote.

Kama hutahisi kitu, niamshe. Saa yoyote. Tutaurudisha pamoja, tutie oili, nami nitakuomba radhi na kuibeba jeki mwenyewe mpaka kwenye basi. Kama utahisi mkwaruzo, basi ni kutu imeula, usiniamshe. Najua ni vibaya mtoto kuondoka bila kumuaga mama yake, na shangazi zako wakisikia watanisema mpaka Funyula. Wacha waseme. Beba stendi zako utoke polepole, ufunge mlango. Nitakuwa macho, nikisikiliza, na kadiri utakavyokaa kimya ndivyo nitakavyojua kwamba namtuma duniani mtu aliyekwisha kuwa fundi.

Mimi mama yako,
wa hapa hapa kwenye foleni.